Lexus LS 400 na Ukaguzi wa Magari Yaliyotembea Sana
Lexus LS 400, iliyozinduliwa Detroit Januari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Toyota Celsior, ilijijengea sifa ya uimara kwa injini yake ya V8 ya lita 4.0. Mwaka huohuo Toyota iliyarudisha karakana magari hayo yapatayo 8,000 nchini Marekani na kuyarekebisha bila malipo. Magari ya LS 400 yalipozeeka, udhaifu wake ulijulikana: pampu ya usukani ilivujisha mafuta juu ya altaneta, na mkanda wa taimingi ulihitaji kubadilishwa kila kilomita 145,000 hivi. Mnunuzi wa gari lililotumika hujua umbali huo kwa kusoma mita ya kilomita; lakini kwa kuwa mita hiyo huweza kurudishwa nyuma, sheria ya Marekani ya 1972 ilipiga marufuku udanganyifu huo. Mnunuzi makini huanza na kumbukumbu za matengenezo, kisha husoma mita.