Vifaa vya Bunduki Mpakani: Kipi Huhesabiwa Silaha?

Mwenye bunduki mpya hupenda kuiongezea vitu: darubini ya shabaha, magazini ya ziada, kitako kinachorekebishika, mkoba wa kubebea. Maduka ya ng'ambo huviuza vitu hivyo kama vifaa vya michezo. Tatizo huanza vinapofika Busia, au Malaba katika wilaya ya Tororo, ndani ya lori lililobeba mizigo ya watu wengi. Forodha haiangalii jina lililoandikwa na duka, bali namba ya bidhaa katika orodha ya ushuru.

Bunduki yenyewe

Bunduki ya nusu-otomatiki hujipakia risasi yenyewe, lakini hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, inazitaka nchi wanachama, Kenya na Uganda zikiwemo, kupiga marufuku raia kumiliki bunduki za aina hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja si kifaa kipi anataka, bali kama bunduki inayokusudiwa ina kibali halali.

Sehemu na vifaa

Sura ya 93 ya orodha ya ushuru inahusu silaha na risasi. Ndani yake, namba 9305 ni ya sehemu na vifaa vya silaha. Mtutu, magazini na kitako huingia hapo hata vikija peke yake bila bunduki. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imeweka silaha na risasi za sura ya 93 kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti, yaani haziingii bila kibali cha mamlaka husika.

Sheria ya silaha ya Kenya inakwenda mbali zaidi. Kila sehemu ya bunduki, pamoja na kifaa cha kupunguza mlio au mwako wa risasi, huhesabiwa kuwa silaha. Anayebeba kifaa hicho mfukoni ni sawa na aliyebeba bunduki.

Darubini na mikoba

Darubini ya shabaha inayosafirishwa peke yake haimo katika sura ya 93. Imo katika namba 9013, pamoja na vifaa vya macho. Ikifungwa juu ya bunduki, au ikiletwa pamoja na bunduki yake, huhesabiwa kama silaha. Mkoba wa bunduki uko katika namba 4202, pamoja na masanduku na mabegi. Hata hivyo, tofauti ya namba haimzuii ofisa kuuliza kifaa kinakwenda kwa nani.

Gharama ya kukosea

Anayeingiza bidhaa zenye masharti kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Gari lililotumika nalo linaweza kutaifishwa. Kifurushi cha kilo 2 kinaweza kumgharimu mwenye lori lori lake, mbali na mashtaka chini ya sheria za silaha.

Mambo ya kuzingatia

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimeweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Lakini kupunguza foleni hakujafuta vibali. Vilevile utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000, hauhalalishi bidhaa yenye masharti.

Kabla ya kupakia, msafirishaji afanye haya:

1. Adai ankara inayotaja kila kifaa kwa jina lake. Maneno "vifaa vya michezo" hayatoshi.
2. Aone kibali cha mwenye mzigo kabla lori halijaondoka, si likiwa kwenye foleni.
3. Amwombe wakala wa forodha apate uamuzi wa maandishi kuhusu namba ya bidhaa.
4. Akatae kifurushi kilichofungwa ambacho mwenyewe hataki kifunguliwe.