Nyumba ya Wazimamoto Ilipoanguka Kwanza

Alfajiri ya 18 Aprili 1906, saa 11:12, ardhi ya San Francisco ilitikisika kwa muda usiofika hata dakika mbili. Katika mtaa wa Bush, sehemu ya juu ya Hoteli California ilikatika ikaangukia kituo cha zimamoto kilichokuwa ubavuni mwake, ikatoboa paa na sakafu. Dennis Sullivan, mkuu wa zimamoto wa mji, aliishi ghorofani katika kituo hicho pamoja na mkewe. Aliporomoka na vifusi, akaumia vibaya, na siku nne baadaye akafariki. Moto mkubwa kuliko yote katika historia ya mji huo ulikuta mtu aliyejua namna ya kuukabili yuko kitandani hajitambui.

Sullivan alikuwa ameonya. Kwa miaka kadhaa aliwaomba wakuu wa mji wajenge mfumo wa pili wa maji, utakaovuta maji ya chumvi kutoka ghubani iwapo mabomba ya kawaida yangeshindwa. Oktoba 1905 wakaguzi wa makampuni ya bima nao waliandika, kwa kejeli ya watu wanaolipwa kuogopa, kwamba San Francisco imevunja desturi zote za biashara yao kwa kuwa bado haijateketea. Miezi sita baadaye ikateketea.

Si kwamba mji huo ulikuwa mgeni wa moto. Kati ya Desemba 1849 na Juni 1851, enzi za kukimbilia dhahabu, uliungua mara sita, na ndege finiksi aliyewekwa kwenye nembo yake hakuwekwa kama pambo tu. Kazi ya kuzima ilikuwa mikononi mwa vikundi vya kujitolea vilivyoshindana kufika kwanza, kila kikundi na jumba lake lililotumika pia kwa karamu na siasa. Mwaka 1866 mji ukaanza kuwalipa wazimamoto mshahara, na majumba ya karamu yakageuka kuwa vituo vya kazi.

Kituo cha zama hizo kilikuwa nusu zizi. Chini kulikuwa na pampu ya mvuke na farasi wake. Hatamu na lijamu zilining'inizwa darini, tayari kuteremshwa migongoni mwa farasi kengele ikilia. Juu walilala watu, pamoja na nyasi za kulisha wanyama. Nyuma au pembeni kulisimama mnara wa kuanikia mipira ya maji, kwa kuwa mipira ya kitambaa ikihifadhiwa na unyevu huoza. Ile nguzo ya kuteremkia, ambayo watoto duniani kote huichora wakichora kituo cha faya, ilibuniwa Chicago mwaka 1878 na Kapteni David Kenyon wa Kampuni ya 21, iliyokuwa kampuni ya wazimamoto weusi. Wenzao waliwacheka, hadi walipoona Kampuni ya 21 inawatangulia kwenye moto. Miaka miwili baadaye Boston walikuwa na nguzo yao ya shaba.

Ukivitazama vitu hivi vyote kwa pamoja, unaona kwamba kila fundi alijiuliza swali moja: watatokaje upesi? Hapakuwa na aliyeuliza kama nyumba yenyewe itakuwa bado imesimama wakati wa kutoka. Tena umbo lenyewe lilikuwa na kasoro. Ili gari lipite, ukuta wa mbele wa ghorofa ya chini uliondolewa karibu wote ukabaki mlango mpana, na uzito wa ghorofa ya juu ukakaa juu ya uwazi. Ardhi inapoyumba, fremu ya mlango kama huo hupinda na mlango hukwama. Hapo hata nyumba isipoanguka, gari limefungiwa ndani.

Mwaka 1906, hata hivyo, waliofanikiwa kutoka walikutana na tatizo kubwa zaidi: hapakuwa na maji. Mabomba makuu yaliyoleta maji mjini kutoka mabwawa ya kusini yalikatika, na chini ya mitaa mabomba madogo yalivunjika kwa maelfu. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua vyema ile lawama ya gari la faya kufika halina maji. San Francisco ilikuwa hivyo mji mzima. Jeshi, chini ya Jenerali Frederick Funston, likaanza kulipua nyumba kwa baruti ili kuukatia moto njia, na mara nyingi milipuko ikawasha moto mpya. Mji uliwaka siku tatu. Majengo kama 28,000 yaliangamia, watu wanaokadiriwa kuzidi 3,000 walikufa, na zaidi ya nusu ya wakazi 400,000 wakabaki bila makao. Haidranti moja kwenye kona ya mtaa wa 20 na Church iliendelea kutoa maji, na kwayo sehemu kubwa ya mtaa wa Mission ikaokolewa. Hadi leo hupakwa rangi ya dhahabu kila mwaka ifikapo 18 Aprili.

Maombi ya Sullivan yalisikilizwa alipokuwa kaburini. Mwaka 1908 wapiga kura walikubali hatifungani ya dola milioni 5.2, na mhandisi wa mji, Marsden Manson, akasimamia mfumo ambao hadi leo wahandisi wa nchi nyingine huja kuutazama. Bwawa lilichimbwa kwenye vilima vya Twin Peaks, na chini yake yakawekwa matangi mawili, Ashbury na Jones, ili maji yashuke kwa nguvu ya mteremko pasipo kutegemea injini. Pampu mbili ziliwekwa kando ya ghuba kuvuta maji ya bahari siku ambayo ya mlimani yangekwisha. Chini ya barabara zikajengwa birika nyingi za zege; duara la matofali unaloliona katikati ya njia panda za mji huo ni alama ya birika lililo chini yake. Boti mbili za zimamoto ziliingia majini mwaka 1909, moja ikiitwa Dennis T. Sullivan. Kufikia 1913 mfumo ulikuwa umekamilika.

Fedha zilikwenda kwenye mabomba. Vituo vilivyojengwa upya vilijengwa kwa ramani ileile ya mlango mpana na ghorofa juu yake, na farasi walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari yakaingia katika mazizi yao. Ni jambo la kushangaza kidogo: mji uliompoteza mkuu wake chini ya paa la kituo ulichukua zaidi ya nusu karne kabla ya kulitazama paa hilo kama tatizo.

Kilichobadili mawazo kilitokea kusini mwa jimbo la California. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la San Fernando liliivunja hospitali mpya ya Olive View, na jengo la hospitali ya wanajeshi wastaafu likaanguka na kuua makumi ya watu. California ikatunga sheria ya hospitali mwaka 1973. Vituo vya zimamoto na polisi vilingoja hadi 1986, ndipo sheria iliyovihusu ikasema kwamba haitoshi nyumba ya namna hiyo isimwangukie mtu. Lazima iweze kufanya kazi baada ya tetemeko. Tofauti ni kubwa. Jengo la kawaida huhesabiwa limefaulu wakaaji wake wakitoka salama, hata kama kesho yake litabomolewa. Kituo kinatakiwa mlango ufunguke, redio izungumze na jenereta iwake.

Sheria ilikuwa na miaka mitatu tu lilipotokea tetemeko la Loma Prieta, 17 Oktoba 1989, saa 11:04 jioni. Katika mtaa wa Marina, uliojengwa juu ya ardhi ya kujaziwa kwa ajili ya maonesho makubwa ya mwaka 1915, nyumba zilipinda na moto ukazuka. Hapo ule mfumo maarufu ukakwama: mabomba yake yalivunjika upande mwingine wa mji, na tangi la Jones likakauka. Kilichookoa mtaa ni boti iitwayo Phoenix, iliyosogea ufukweni na kusukuma maji ya ghuba, pamoja na mipira mipana na haidranti za kubebeka alizozitetea kamanda Frank Blackburn kabla ya hapo. Raia waliojitokeza walisaidia kuburuta mipira mitaani. Bahati nyingine ni kwamba jioni ile upepo ulikuwa umetulia, na wahandisi wanaoandika habari za 1989 hawasahau kuutaja.

Kati ya 2010 na 2020 wapiga kura waliidhinisha hatifungani tatu za kujiandaa na tetemeko: kama dola milioni 412 mwaka 2010, kisha milioni 400 mwaka 2014, kisha milioni 628.5 mwaka 2020. Sehemu ya fedha hizo iliimarisha mabomba na birika, na sehemu ikajenga vituo. Mission Bay, eneo la yadi za reli lililogeuka mji mpya, lilipata kituo chake mwaka 2015 ndani ya jengo la usalama linalobeba pia makao makuu ya polisi.

Vituo vipya havifanani na vya zamani hata ndani. Wanawake wa kwanza waliajiriwa mwaka 1987, baada ya kesi ndefu mahakamani, na bweni moja la wanaume likawa halitoshi tena. Vyumba vya kulala na bafu vikagawanywa. Saratani nayo imepanga upya kuta. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, na sasa nguo zenye masizi huwekwa mbali na jiko na vitanda, katika chumba chenye hewa yake. Zamani koti lililochakaa kwa moshi lilikuwa fahari ya mwenyewe, likitundikwa mahali ambapo kila mtu angeliona.

Kituo cha ajabu kuliko vyote kimo majini. Kwenye gati namba 22½ limesimama jengo dogo la mbao la mwaka 1915, makazi ya wafanyakazi wa boti. Nyuma yake, mwaka 2022, kikafunguliwa kituo namba 35: ghorofa mbili juu ya tishari la chuma lililoshikiliwa na nguzo zilizokitwa chini ya ghuba, likipanda na kushuka na maji. Wasanifu wa Shah Kawasaki walikuwa wakikabiliana na mambo mawili kwa mpigo, tetemeko na bahari inayopanda. Gharama ilikuwa kubwa, lakini ukikumbuka nani aliyeuzima moto wa Marina, ni vigumu kusema fedha zilipotea.

Kinachobaki kiko magharibi. Manson alipochora mabomba yake, maeneo ya Richmond na Sunset yalikuwa bado kwa sehemu kubwa vilima vya mchanga, na hakuwa na sababu ya kuyafikisha huko. Nyumba zikaja, zikabanana ukuta kwa ukuta, nyingi za mbao. Mfumo wake wa shinikizo kubwa ukaishia karibu pale pale. Mwaka 2019 baraza la wananchi la uchunguzi liliuandikia mji kwamba sehemu kubwa ya magharibi na kusini haina kinga hiyo, na sehemu ya fedha za 2020 ikatengwa kwa ajili ya bomba jipya kuelekea huko. Vituo vya Sunset vina magari na watu. Bomba bado linajengwa.