Tambi kwa mtoto anayeanza kula: kwa nini lishe yake imo katika mchuzi

Katika maduka ya mitaa ya Buyenzi na Bwiza jijini Bujumbura, pakiti ya tambi, ambazo wengi huziita makaroni au spageti, ni bidhaa isiyokosekana. Huiva upesi kuliko maharage au ugali wa muhogo, hazihitaji makaa mengi, na mtoto asiye na meno huzimeza bila taabu. Ndiyo maana baadhi ya wazazi huzichagua ziwe miongoni mwa vyakula vya kwanza vya mtoto anapotimiza miezi 6.

Wataalamu wa lishe hawazikatazi. Hata hivyo, tambi zilizochemshwa na kutiwa mafuta kidogo humshibisha mtoto pasipo kumpatia vyote anavyohitaji ili akue. Zimetengenezwa kwa unga wa ngano na maji: zina wanga na kiasi fulani cha protini, lakini madini ya chuma ni machache na vitamini A karibu haimo kabisa.

Kwa nini jambo hili ni zito nchini Burundi

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016–2017 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili kwa umri wao. Hicho ni mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Jijini Bujumbura hali ni nafuu kuliko mikoani, lakini tatizo lipo.

Sehemu kubwa ya udumavu hutokea kati ya miezi 6 na miaka 2. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ya madini ya chuma, ambayo hupungua sana anapofikia nusu mwaka, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kutosha kuijaza. Pengo hilo huzibwa na chakula. Tumbo la mtoto nalo ni dogo: mtoto mwenye uzito wa kilo 8 huweza kupokea takriban mililita 240 tu kwa mlo mmoja. Kila kijiko cha uji mwepesi au cha tambi tupu huchukua nafasi ya chakula chenye lishe zaidi.

Lini aanze, na kwa kiasi gani

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Kati ya miezi 6 na 8 hupewa milo 2 hadi 3 kwa siku. Huanza na vijiko 2 au 3 vya chakula kilichopondwa, na kuongezewa taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 hupewa milo 3 hadi 4, chakula kikiwa kimekatwakatwa vipande vidogo sana. Baada ya mwaka mmoja huweza kula chakula cha familia, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa mlo.

Chakula kiwe kizito kiasi cha kubaki kijikoni kijiko kinapoinamishwa. Kikidondoka kama maji, ni chepesi mno.

Kuchemsha tambi za mtoto

Tambi ndogondogo ndizo bora. Zikiwa ndefu, zivunjwe vipande vifupi kabla ya kutiwa chunguni. Kwa mlo mmoja wa mtoto wa miezi 9, vijiko 3 vya chakula vya tambi ndogo kavu vinatosha. Aliye mdogo zaidi hutosheka na pungufu.

Huchemshwa katika maji safi yasiyo na chumvi, muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye pakiti, mpaka zipondeke kwa urahisi baina ya vidole viwili. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8 hupondwa kwa uma pamoja na mchuzi wake. Vijiko vichache vya maji zilimochemkia vinaweza kuachwa ili kulainisha mchanganyiko.

Michuzi mitatu kutoka soko la Bujumbura

Wa kwanza ni wa ndagala, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Ndagala wakavu huchambuliwa ili kuondoa mchanga, huoshwa, hukaushwa tena, kisha hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo. Hutwangwa na kuchekechwa hadi wawe unga laini usio na miba. Wakiwa wametiwa chumvi, hulowekwa kwanza na maji hayo kumwagwa. Nyanya moja iliyomenywa hupikwa hadi ilainike, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha unga huo na kimoja cha mawese, kisha huchanganywa na tambi. Unga unaobaki huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Samaki hao humpa mtoto protini, madini ya chuma na chokaa ya mifupa.

Mawese, yanayozalishwa kwa wingi upande wa Rumonge, yana rangi nyekundu itokanayo na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yasichomwe hadi yawe meupe, kwani rangi inapotoweka, karotini nayo imepotea.

Wa pili ni wa maharage na lengalenga. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji humwagwa, kisha huchemshwa katika maji mapya hadi yaive kabisa. Vijiko 2 vya maharage hupondwa na kupitishwa katika chujio ili kuondoa maganda. Majani machanga ya lengalenga hukatwa laini, hupikwa kwa dakika chache na kuchanganywa na maharage na tambi. Mtoto akilishwa chenza au chungwa lililopondwa pamoja na mlo huo, vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage. Chai hufanya kinyume chake, hivyo asipewe, hata ikiwa ya maziwa.

Wa tatu hauhitaji moto mwingi: yai moja lililochemshwa hadi kiini na ute vigande hupondwa pamoja na robo ya parachichi lililoiva, kisha huchanganywa na tambi zingali na uvuguvugu. Parachichi huongeza mafuta, na mtoto hupata nguvu nyingi katika chakula kidogo.

WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi 8, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na kushauri apate angalau makundi 5 kila siku. Mtoto anayenyonya akila tambi, maharage, lengalenga na chungwa, amekwisha kufikia matano.

Tahadhari

Ngano, yai na samaki huweza kuwasababishia mzio watoto wachache. Ni vyema kila kimoja kianzishwe peke yake, kwa siku 2 au 3, kabla ya kuongeza kingine. Mtoto akivimba midomo, akitokwa vipele ghafla au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Chumvi na sukari hazihitajiki. Asali haifai kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vinavyosababisha sumu hatari kwa watoto wachanga. Mtoto alishwe akiwa ameketi wima, asiachwe peke yake na chakula, wala asipewe karanga nzima.

Mikono ya mlishaji na ya mtoto ioshwe kwa sabuni, na bakuli lake liwe la peke yake, ili ijulikane amekula kiasi gani. Katika joto la Bujumbura, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila jokofu. Kilichobaki katika bakuli la mtoto kisirudiwe kulishwa.

Wakati wa kutafuta msaada

Mtoto asiyeongezeka uzito, anayekataa kula kwa siku kadhaa au aliyevimba miguu anahitaji kupimwa. Katika vituo vya afya hutumiwa utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya milimita 115 ni dalili ya utapiamlo mkali unaohitaji matibabu bila kuchelewa. Tangu Mei 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Burundi.

Kwa wazazi wanaotaka kujifunza mapishi, nchini kuna pia vituo vya jamii vya mafunzo ya lishe, vinavyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa FARN. Huko, akina mama wa eneo husika waitwao "mama mwangaza" hupika pamoja na wenzao kwa vyakula vinavyopatikana papo hapo, na kila mama huondoka na chakula anachoweza kukirudia kesho yake nyumbani.