Masihi Mmoja, Mbona Wahitilafiane?

Hapa Athi River tunaishi na majirani Wakristo, na swali hili halikosi: mbona Mayahudi, waliomngoja Masihi, walimkataa Isa (A.S.)?

Twende kwanza Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Mbale, alikuwa Mkristo. Aliposoma Agano la Kale akataka tohara. Wenzake wakamwambia hayo ni ya Mayahudi, wasiomwamini Yesu. Basi mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe (hebu fikiri, mtu mzima vile!) akajiita Myahudi.

Kumbe ugomvi ni kazi ya Masihi. Jina lenyewe kwa Kiebrania ni aliyepakwa mafuta, kama wafalme wao. Mayahudi walitaka mfalme wa ukoo wa Daud, awakusanye waliotawanyika, alete amani. Lakini Roma ilibaki pale pale, na mwaka 70 ikabomoa Hekalu. Wakristo wao wakasema alikuja kwanza kufa kwa ajili ya dhambi, ufalme utatimia akirudi. Sisi Waislamu twamkubali kuwa ni Masihi na Mtume, hakusulubiwa, naye atarudi.

Wafuasi wa Kakungulu, Abayudaya, wapo Mbale hadi leo. Wao bado wanangoja.