Samaki wa Birika

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni husifu milango yake ya nakshi. Lakini wewe, msomaji kijana, ingia ndani mpaka chooni, kwani huko pia imo historia.

Katika choo cha nyumba ya mawe hujengwa birika la kuwekea maji ya kuogea. Wazee walitia humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure la Uchina, ili maji yakipungua samaki wasalie na kidimbwi chao. Hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba kiumbe mdogo akiwekwa mahali pake ni mtumishi asiyedai ujira.

Kanuni hiyo ilionekana tena mbali sana na Lamu. Katika miaka ya 1950, huko Berkeley, Marekani, William Oswald alichunguza mabwawa ya maji machafu. Humo huota viumbe vya kijani, jamaa ya mwani, visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja. Kwa nuru ya jua hutoa oksijeni. Bakteria huitumia wanapoozesha uchafu, nao huurudishia mwani chakula. Mwaka 1960 Oswald na mwenzake Golueke walieleza jinsi mwani huo unavyoweza kuvundikwa ukatoa gesi ya kuwasha. Serikali ya Marekani nayo ilitafuta mafuta katika mwani tangu 1978 hata 1996, ikaacha kwa sababu gharama ilishinda faida. Kazi ya kusafisha maji, hata hivyo, haikuachwa: mabwawa ya namna hiyo yako Ruai, Nairobi.

Lamu yahusikaje? Maji yake matamu ni mvua iliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, nayo hukaa juu ya maji ya chumvi. Watu wakizidi, mashimo ya vyoo husogelea visima. Ng'ambo, kisiwani Manda, magofu ya Takwa yamesimama bila wenyeji tangu karne ya 17. Husemwa kwamba visima vyake viliingia chumvi.

Basi siku utakapopewa kazi ya kupanga mji, usianze kwa kuuliza bei ya mashine. Uliza kwanza maji machafu yanakwenda wapi, na ni kiumbe gani aliye tayari kuyasafisha.