Wikendi ya Ukambani: Raha Ilikuwa na Kipimo Kabla ya Fuliza

Njaa ya mwaka 1984 ina jina lake Ukambani. Inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani "nakufa nikiwa nimeshika." Kushika nini? Pesa. Mvua ilikataa, mashamba ya Kitui na Makueni yakakauka, na hata mtu mwenye noti mfukoni alifika dukani akakosa unga wa kununua. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Susu yangu, ambaye ni mtu wa upande wa Mutomo, hadi leo ukimtajia hayo mahindi anakunja uso.

Najua unajiuliza njaa imeingiaje kwenye stori ya wikendi. Imeingia kwa hilo jina. Wale walikuwa na pesa mkononi na tumbo tupu. Sisi tumegeuza: Jumamosi tumbo limejaa, Jumatatu mkono ni mtupu na simu inadai. Na si wewe peke yako unayelipa. Ni nyumba nzima: tokeni za stima, nauli ya wiki, ada ya mdogo wako aliye kidato cha pili.

Ushauri unaotolewa kila siku ni kujinyima. Kaa nyumbani, kunywa maji, lala mapema. Mimi siukubali. Ukisoma historia ya Ukambani unakutana na watu ambao mvua iliwakatalia kila baada ya miaka michache, na bado walijulikana Kenya nzima kwa kucheza ngoma. Hawakuacha raha. Waliipa kipimo. Raha ilikuja baada ya kazi, ilitoka kwenye kitu ambacho tayari kipo, na ilifanyika mbele ya watu. Hayo mambo matatu ndiyo tumeyapoteza, na nitakuonyesha yalipotelea wapi.

Kabla wikendi haijaitwa wikendi

Kwanza, wikendi yenyewe ni mgeni. Kwa Kikamba, Jumapili ni Kyumwa, na neno hilo hilo linatumika kwa wiki nzima. Wiki ya siku saba yenye Jumapili ya kupumzika ilishika mizizi huku kupitia misheni na ofisi. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo cha kwanza cha misheni hiyo Nzaui, katika Makueni ya leo. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Reli nayo ikapita Makindu, na kufikia 1899 ilikuwa Nairobi. Nyuma yake zikaja kodi ya nyumba iliyotaka pesa taslimu, na kazi za mshahara za kuitafuta hiyo pesa.

Kabla ya hapo saa ya raha ilisomwa ghalani. Mavuno yakiwa mazuri, ngoma zilichezwa. Ikumbi, yaani ghala, likiwa karibu tupu, kila mtu aliliona na hakuna aliyehitaji kuambiwa apunguze. Gerhard Lindblom, msomi Mswidi aliyeishi na Wakamba mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliandika kitabu kikubwa kuwahusu, The Akamba. Humo anaeleza kwamba pombe, yaani uki, ilikuwa ya wazee. Vijana walikuwa na ngoma zao. Na uki ule wa asali au miwa ulichukua muda kuchachuka. Kibuyu kikiisha, kimeisha. Hakuna kumpigia mtu wa boda alete kingine.

Sasa tusidanganyane ati zamani ilikuwa pepo. Kama wewe ni kijana au mwanamke, kwenye ile pombe ulikuwa mtazamaji tu. Na mwanamume aliyetaka kupanda ngazi ya uzee alilipa kwa mbuzi na pombe ambayo wazee waliokuwa juu yake walikula na kunywa. Yaani presha ya kutoa ili uonekane mtu wa maana haikuanzia Instagram. Lakini hata hiyo presha ilikuwa na mwisho. Ulitoa mbuzi uliyekuwa naye. Hukutoa mbuzi wa mwezi ujao.

Mwethya: kazi, chakula, ngoma

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye historia hii ni mwethya. Mtu mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kulima shamba, aliwaita majirani. Hawakulipwa, walilishwa. Watu walifanya kazi wakiimba, wakala pamoja, na siku nyingine wakacheza. Kesho ilikuwa zamu ya jirani mwingine. Ukiipigia hesabu, hiyo ilikuwa siku nzima ya watu, chakula na muziki, na gharama yake ilikuwa sufuria ya isyo.

Wakoloni waliuona huo umoja wakajaribu kuutumia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilitaka mmomonyoko wa udongo ukomeshwe katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta, na kazi ya kulazimishwa ikachukiwa. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipojichagulia viongozi wao, wengi wa wanachama wakiwa wanawake. Vilima vikapata matuta. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu, More People, Less Erosion, kinachoonyesha jinsi wilaya hiyo ilivyoongeza watu na bado ikatunza udongo wake kuliko zamani.

Ona hapo. Watu walewale, kazi ileile. Ilipokuwa amri, waliichukia. Ilipokuwa yao, yenye nyimbo, chakula na kiongozi waliyemchagua, ikafanyika. Bajeti ya nyumba ni hivyo hivyo. Baba au mama akitangaza tu "hakuna kutoka wikendi hii," kila mtu atatafuta mlango wa nyuma. Mkikaa mkaamua pamoja, hata anayependa sherehe sana atalinda ile hela, kwa sababu ni yake pia.

Akiba ilikuwa na kwato

Ukishuka tauni Nairobi, ukapita karibu na City Market, uko Barabara ya Muindi Mbingu. Wengi tunaijua kama mahali pa kukutana. Muindi Mbingu alikuwa kiongozi wa Wakamba mwaka 1938, wakati serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya watu wa Machakos ng'ombe kwa madai kwamba mifugo imezidi. Watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Serikali ilimkamata Muindi Mbingu ikampeleka uhamishoni Lamu, lakini mwishowe ikaachana na uuzaji wa lazima.

Kwa nini ng'ombe waliwauma hivyo? Kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa akaunti ya akiba. Ndiye mahari, ndiye chakula cha mwaka wa ukame. Na ng'ombe ana sifa moja ambayo pesa ya simu haina: huwezi kumkata kipande saa saba usiku ukiwa umechangamka. Kumuuza kunataka siku ya soko, kunataka kumtembeza barabarani, na kijiji kizima kitauliza unampeleka wapi. Kile tunachokiita umbea kilikuwa breki.

Breki zilipong'oka

M-Pesa ilianza Machi 2007, na sitaisema vibaya. Kwa familia za Kitui na Makueni zenye watu wao Nairobi na Mombasa, pesa kufika nyumbani kwa dakika moja ni ukombozi. Lakini angalia kilichofuata. M-Shwari ikaja 2012, mkopo ndani ya simu. SportPesa ikaja 2014, na wikendi ya mpira ikawa wikendi ya kubeti. Fuliza ikaja 2019, na ukaweza kutumia pesa ambazo huna bila kumwomba binadamu yeyote.

Zile breki tatu zikang'oka moja baada ya nyingine. Raha haisubiri tena kazi iishe. Haitoki kwenye kitu kilichopo, inatoka kwenye mshahara ambao haujaingia. Na haionekani. Sheria ya pombe ya 2010, tunayoiita ya Mututho, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi, zifungwe saa tano usiku. Baa ina saa ya kufunga. Fuliza haina.

Halafu kuna upande ambao watu wa bajeti husahau: wikendi ya Ukambani si sherehe tu. Jumamosi kuna mazishi, kuna harusi, kuna harambee ya hospitali, na grupu tatu za WhatsApp zinazotuma orodha ya waliochanga. Huwezi kukataa zote, na hufai. Huo ndio mwethya wenyewe uliobadilisha nguo. Lakini mwethya ulikwenda kwa zamu, na ulitoa nguvu zako. Sasa inatakiwa pesa, kila wiki, kwa kila mtu.

Tuzirudishe hizo breki

Hizi ndizo breki ninazoamini zinafaa kwa nyumba ya leo, iwe Wote, Mwingi au Pipeline.

Ya kwanza, wikendi iwe na ghala lake. Ijumaa kabla ya giza, nyumba iamue kiasi na kukitoa kwa pesa taslimu, kiwekwe mahali ambapo kila mtu anakiona. Tuseme ni 2,000. Tenga kwanza ya wengine, mfano 500 za mchango mmoja mliouchagua, usiwe mitatu. 1,000 ni ya chakula na matembezi ya wote. 500 zinazobaki mgawane, na hapo kila mtu ana uhuru wake bila maswali. Hii ni mfano tu, namba weka za kwenu. Bahasha ikiisha, kibuyu kimeisha.

Ya pili, raha itanguliwe na kazi ya pamoja. Jumamosi asubuhi mfue, msafishe, mkachote maji, muziki ukiwa juu. Marafiki wakija, waje na mikono yao. Rafiki aliyekusaidia kupaka rangi nyumba kisha mkala muthokoi pamoja atakumbuka siku hiyo kuliko meza ya klabu ambayo mlipiga kelele bila kusikilizana.

Ya tatu, utengenezaji uzidi ununuzi. Kitui kuna Ivia ya Nzambani, jiwe kubwa lenye ngazi hadi juu, na ile hadithi kwamba ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Makueni kuna mlima wa Nzaui, ambapo masimulizi ya Kikamba yanasema watu wa kwanza walishushiwa na Mulungu, na nyayo zao zikabaki kwenye mwamba. Bebeni chakula kutoka nyumbani, chukueni matatu moja, pandeni. Nauli na chapati za watu wanne mara nyingi hazifikii bili ya nyama choma ya watu wawili.

Na ya mwisho, ambayo ni ngumu: zima Fuliza, ama omba kikomo chake kipunguzwe. Kama huwezi kuzima, basi iwe na shahidi. Kabla hujakopa Jumamosi usiku, mwambie mtu mmoja wa nyumbani ni kiasi gani na ni cha nini. Kama unaona aibu kumwambia, tayari unajua jibu.

Kuna watakaosema huku ni kurudisha maisha ya kijiji yenye macho ya kila mtu. Naelewa, kuna macho yaliyoumiza watu, hasa wasichana. Lakini kuna tofauti kati ya kijiji kukuchunguza na watu wanne unaokula nao kujua bahasha ina ngapi. Waliolipa njaa ya 1984 jina walijifunza kwamba pesa mkononi si chakula. Sisi tunaweza kuongeza letu: bili kubwa si raha. Wikendi hii jaribuni na bahasha, kisha Jumatatu asubuhi mhesabu kilichobaki.