Kushonwa siyo kupona: siku za kutoa nyuzi

Fundi wa Chang'ombe akichanwa na bati na kushonwa, kazi bado. Aulizie sindano ya pepopunda mapema. Kidonda kisiguswe na maji saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha kioshwe taratibu kwa maji safi na sabuni, bila kusugua. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa ni marufuku.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, mkononi 7 hadi 10, mguuni 10 hadi 14. Mtu asijitoe mwenyewe kwa wembe.

Kidonda kikizidi kuvimba, kikitoa usaha au homa ikipanda, asisubiri tarehe: awahi zahanati au Hospitali ya Temeke.